VIUNGANISHI VYA INSHA YA KIINGEREZA

Wenzangu, kuna wanaodhani kwamba insha ya Kiingereza hupendeza kwa kumwaga maneno mazito tu. La hasha! Andika "children" badala ya "kids", na hiyo ni lugha rasmi tayari.

Kila kiunganishi kina kazi yake. "Therefore" huleta matokeo. "However" huleta kinyume. Ukivichanganya, hoja imeharibika na alama zimekwenda.

Kiswahili nacho hututega. Sisi husema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika." Kwa Kiingereza, ukishaanza na "although", basi "but" halina nafasi tena. Moja latosha.

Kabla hujatia kiunganishi, jiulize: kinaunga nini na nini? Kama hakuna, kiache. Chumvi ikizidi, mboga hailiki.