Msitu wa Meru ni Tangi Lako la Maji: Piga Hesabu Kabla Hujanunua Pampu

Kila kiangazi kikianza kubana, swali ninaloletewa zaidi ni moja: "Afisa, nichukue pampu ya inchi ngapi?" Karibu hakuna anayeniuliza maji yenyewe yanatoka wapi. Leo naomba tuanzie huko juu, ndipo tushuke kwenye pampu.

Maji yanatoka wapi?

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566. Upepo wa Bahari ya Hindi ukifika hapa unaupiga mlima upande wa kusini na mashariki, unapanda, unapoa na kudondosha mvua. Ndiyo maana Tengeru, Poli na Akheri ni kijani, lakini ukizunguka kaskazini kuelekea Oldonyo Sambu au Engare Nanyuki unakutana na vumbi.

Ila mvua peke yake haitoshi. Mvua ya Masika ikinyesha kwenye mlima mtupu, inashuka yote kama mafuriko na mwezi Agosti mto umebaki mawe. Msitu ndio unaoishika. Majani yanakamata hata ukungu na kuudondosha chini, na udongo wenye mboji unanyonya maji kama sponji, kisha unayaachia polepole kwenye chemchemi. Themi, Nduruma, Malala na Usa zinaishi kwa akiba hiyo. Maji hayo hayo yanaingia Kikuletwa, yanafika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, ndipo yanamwagika baharini Pangani. Kwa hiyo kwenye foleni ya maji haya uko wewe na watu wengine wengi sana.

Msitu ni wa nani, na unaruhusu nini?

Hapa vijana wengi wanachanganya. Sehemu kubwa ya juu ya mlima iko ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, chini ya TANAPA. Humo huingii kukata nyasi wala kutundika mzinga. Kuna msitu wa hifadhi na shamba la miti la Meru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Huko kuna shughuli zinazoruhusiwa kwa kibali. Ufugaji nyuki ni mojawapo, na kwenye shamba la miti wananchi wamekuwa wakigawiwa maeneo yaliyovunwa ili walime mazao ya msimu katikati ya miche michanga. Mkulima anapata viazi au maharage, miche inapata palizi. Masharti yanabadilika, kwa hiyo nenda ofisi ya TFS uulize mwenyewe. Usitegemee maneno ya kijiweni.

Chini ya mpaka wa msitu ndipo kuna kihamba. Wazee wa Kimeru walipanga shamba kama msitu mdogo: mringaringa na mruka juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi kandokando ya mfereji. Ng'ombe yuko bandani, samadi inarudi kwenye mgomba. Waarusha nao, waliotoka kwenye asili ya ufugaji, walipokaa kwenye miteremko hii walishika migomba na mifereji. Mfumo huu umelisha watu wengi kwenye eneo dogo kwa vizazi, na mkataba wake mkuu ulikuwa zamu ya maji.

Zamu na pampu

Kiangazi kilichopita nilikaa kwenye kikao cha mfereji mmoja upande wa Nduruma. Kijana wa nyanya, eka 1, alikuwa anavuta maji usiku juu ya banio. Wa chini maharage yao yalikuwa kwenye maua na mfereji umekauka. Wengine walitaka pampu ichukuliwe siku ile ile.

Kijana akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mimi nina mkopo, na nyanya hazisubiri zamu."

Mwenyekiti akamjibu, "Marahaba. Mwanangu, hatukukatazi kulima. Tunachotaka, ukija na pampu uje kwenye zamu yako."

Wote wawili walikuwa na hoja. Nikaomba kalamu, tukapiga hesabu mbele ya kikao.

Nyanya eka 1, siku ya jua, inahitaji kama milimita 4 hadi 5 za maji. Hiyo ni lita 16,000 hadi 20,000 hivi. Pampu yake, hata tukiikadiria lita 300 kwa dakika, kwa saa 3 inavuta lita 54,000. Maana yake usiku mmoja alikuwa anachukua maji ya karibu siku 3, na mengi yanapotelea kwenye matuta yaliyofurika.

Suluhisho halikuwa kumnyang'anya pampu. Alichimba bwawa dogo, mita 6 kwa 6, kina mita 1.5, akatandika karatasi ngumu ya nailoni. Linabeba lita 54,000. Analijaza mchana, kwenye zamu yake, kila siku ya 3, na pampu sasa inasukuma maji kutoka bwawani kwenda kwenye mipira ya matone. Faini ya kikao alilipa. Msimu ule alivuna, na wa chini nao walivuna.

"Mfereji ukikauka nitachimba kisima"

Nasikia hili sana. Angalia usije ukazika hela. Miamba ya Meru ni ya volkano na maeneo mengi maji yake yana madini ya floraidi kwa wingi, hasa upande wa mashariki na kaskazini. Meno ya kahawia ya watu wa huku yametokana na hayo, na ndiyo sababu Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuyaondoa. Kisima kinaweza pia kutoa maji ya chumvi yanayoharibu udongo. Pima maji kabla ya kulipa fundi, na usisahau kwamba kisima nacho kinahitaji kibali.

Fanya haya msimu huu

1. Pata kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, au ingia kwenye jumuiya ya watumia maji yenye kibali. Mnunuzi wa maana wa mboga za nje atakuuliza karatasi hiyo.

2. Acha mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema hivyo. Hapo usilime na usipande mikaratusi. Rudisha miti ya asili.

3. Panda grevilea mpakani, mita 3 kati ya mti na mti. Kuni na nguzo zitoke kwako, usipande msituni kuzifuata.

4. Tandaza majani au mabua kwenye matuta. Ni njia rahisi kuliko zote ya kupunguza maji unayomwagilia.

5. Weka mizinga michache. Matikiti, matango na maboga yanamtegemea nyuki, na asali utauza. Ukipiga dawa, piga jioni nyuki wakiwa wamelala.

6. Hudhuria kikao cha mfereji hata usipokuwa na kesi. Vijana wengi hatuendi, halafu tunalalamika ratiba imepangwa na wazee.

Mkopo wa pampu unalipwa na mavuno, mavuno yanatoka kwenye maji, na maji yanatoka kwenye msitu ule unaouona asubuhi umefunikwa na wingu. Ukitaka kupimiwa bwawa, andika ukubwa wa shamba, zao na siku zako za zamu hapo chini. Nitakupigia hesabu. Kazi njema.