Mkono wa mtoto wa Leopold

Magazeti ya dhihaka ya Ulaya yalipenda sana habari za watoto wa kifalme. Punch, la London, lilianza Julai 1841, na Novemba mwaka ule ule Malkia Victoria akamzaa mrithi wake, Edward. Wachoraji hawakukosa kazi. Lakini kuna katuni moja ya namna hiyo inayotuhusu sisi Wakongomani, na hiyo haichekeshi.

Mwaka 1907 Caroline Lacroix, aliyeishi na Mfalme Leopold wa Pili bila ndoa, alimzaa mtoto wao wa pili, Philippe. Mkono wake mmoja ulikuwa na kilema. Wakati huo Ulaya ilikwisha kusikia habari za mikono ya kwetu: askari wa Force Publique walidaiwa mkono wa mtu kwa kila risasi waliyotumia, ili isionekane wameipoteza kwa kuwinda. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Mprotestanti Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali. Mtoto huyo alikuwa na miaka mitano. Picha za Harris zilionyeshwa katika makanisa mengi ya Uingereza na Marekani.

Basi mchoraji akaunganisha mambo mawili. Alimchora Leopold amembeba mtoto wake, amezungukwa na maiti za Wakongomani waliokatwa mikono, na chini akaandika kwamba hicho ni kisasi kutoka juu.

Hasira yake tunaielewa kuliko mtu yeyote. Lakini Philippe hakumkata mtu mkono. Alifariki mwaka 1914, akiwa na miaka sita tu. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwuliza Yesu habari za kipofu tangu kuzaliwa, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, naye akakataa yote mawili. Ezekieli 18 nayo inakataza kumtwika mwana uovu wa baba. Mchoraji alimshitaki mfalme kwa haki, ila alimfanya mtoto kuwa ushahidi.

Nasi tunafanya hivyo. Huku Mutoshi, mahali pa machimbo ya zamani ya Ruwe, mtoto akizaliwa na kilema utasikia wanauliza: baba yake alitoa nini apate madini? Mama naye anaanza kujificha, hata ibada anaikosa.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika Lubumbashi, wa madaktari wa kwetu na wenzao wa Ubelgiji. Walilinganisha watoto waliozaliwa na vilema na wale wasio navyo, wakakuta kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini. Hawakusema kila kilema kinatoka mgodini. Ila swali waliloliuliza lilihusu kazi ya baba, wala halikuhusu uchawi wala dhambi yake.