Gari Kuukuu Likikataa Kuwaka

Karafuu mbichi zikilala guniani huchacha na bei yake hushuka. Kwa hiyo gari la shamba likikataa kuwaka jioni, mwanachama hana wakati wa kupoteza.

Stata ikizungusha injini vizuri, fuateni njia ya petroli. Kwanza hakikisheni tangi lina mafuta. Injini ipoe, na pasiwe na sigara wala moto karibu. Chomoeni waya wa koili, fungueni paipu penye kabureta, itieni ncha yake chupani, kisha mtu azungushe stata. Petroli ikiruka, pampu ni nzima; safisheni kabureta. Isiporuka, legezeni kifuniko cha tangi mjaribu tena, kwani huenda tundu la hewa limeziba. Bado? Tazameni chujio na mipira iliyopasuka. Mwisho ni kiwambo cha pampu. Kikichanika, mwiteni fundi.