Steringi Anataka Nini?

Sogeeni karibu, wanangu. Filamu ya saa moja na nusu huandikwa kwa kurasa 90 hivi, kwa kuwa ukurasa mmoja wa mswada hukaribia dakika moja ya picha. Mtayarishaji wa filamu ana miswada mingi mezani, yote hawezi kuimaliza. Kwa hiyo huanza na sentensi moja, ya maneno kama 25 au 30, ambayo waandishi wa filamu huiita loglaini. Ikimvuta, atafungua ukurasa wa kwanza. Isipomvuta, mswada wako utalala hapo hapo.

Loglaini hujibu maswali ambayo mtoto aliyechelewa kufika kibanda umiza humnong'oneza mwenzake: steringi nani? Anataka nini? Nani anamzuia? Akishindwa itakuwaje?

Wengi wenu mmeiona Finding Nemo, filamu ya mwaka 2003. Mwandishi mvivu angeandika hivi: "Baba samaki anasafiri kumtafuta mwanawe na kukutana na mambo mengi." Hakuna uongo hapo, lakini hakuna kinachotushika. Mambo mengi yapi? Na baba gani asingemtafuta mwanawe?

Sasa sikilizeni hii: "Samaki mdogo mwoga, asiyethubutu kwenda mbali na matumbawe anamoishi, analazimika kuvuka bahari yenye papa ili kumwokoa mwanawe wa pekee aliyekamatwa na mzamiaji."

Mmelisikia neno "mwoga"? Lifuteni, na sentensi nzima inalegea. Kama baba huyu angekuwa jasiri tangu mwanzo, tungemtakia safari njema tukaenda kulala. Tunakaa macho kwa sababu bahari ndiyo kitu anachokiogopa kuliko vyote, na mtoto anayempenda kuliko vyote yuko ng'ambo yake. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha kazi yote: mpe steringi wako jukumu ambalo yeye hasa, kwa jinsi alivyo, litamwia gumu kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuje nyumbani. Mwaka 2018 mwongozaji Likarion Wainaina wa Kenya alitoa Supa Modo, filamu ninayoipenda sana. Ukiandika, "Msichana wa miaka 9 anaugua ugonjwa usiopona," umetutia huzuni, ila hadithi bado haijaanza. Ugonjwa umempata tu, hajautaka. Yeye mwenyewe anataka nini? Anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, kama wale anaowaona kwenye sinema. Haya, tuunganishe: "Msichana wa miaka 9 anayeugua ugonjwa usiopona anaota kuwa shujaa wa sinema, na dada yake pamoja na kijiji kizima wanaungana kumtimizia ndoto hiyo kabla siku zake hazijaisha."

Hilo "kabla" linatufanya tuhesabu siku pamoja nao. Jina la msichana ni Jo, lakini sikulitaja, maana mtayarishaji hamjui Jo. Ukimwambia umri wake, hali yake na ndoto yake, anamwona papo hapo. Mwisho wa filamu pia sikuusema. Huo una nafasi yake kwenye muhtasari mrefu, na loglaini kazi yake ni kumfanya mtu autamani.

Andikeni loglaini kabla ya mswada. Ikikataa kuandikika, mara nyingi ni kwa sababu steringi hataki kitu chochote, anazunguka tu akipatwa na mambo. Afadhali uligundue hilo ukiwa na sentensi moja kuliko ukiwa na kurasa 90.

Basi leo jioni chukua hadithi iliyo kichwani mwako, iandike kwa sentensi moja, umsomee bibi, kaka au jirani asiyeijua. Akisema, "Nzuri, mwanangu," kisha akaendelea na shughuli zake, irudie. Akikuuliza, "Halafu ikawaje?" anza ukurasa wa kwanza.