Kabla Umwage Doh kwa Prosesa ya Gita

Kama umekuwa ukisaka prosesa ndogo ya gita ama besi, wacha nikuchanue kitu moja: usianze na hesabu ya efekti, anza na waya. Gita ikishapita kwa hiyo kaboksi, ile waya ingine inaenda kuchomekwa wapi?

Wasee wa maduka za Luthuli hapa Nairobi hawatakuuliza hiyo swali. Msee wa duka atakuambia iko na efekti zaidi ya mia, awashe ile inalia noma zaidi, na wewe damu ishachemka, simu iko mkononi, imebaki PIN ya M-Pesa. Tulia kwanza.

Wasee wengi wa gita hapa Nairobi hawana ampu. Hata wenye wako nayo, hawawezi panda nayo mathree asubuhi kutoka Kayole hadi sho iko Karen. Jumapili uko kanisa, waya inaenda straiti kwa miksa. Jumamosi ni harusi ama ruracio, waya inaenda kwa miksa ya msee wa saundi. Usiku uko kejani, ni hedifoni, juu ukuta za ploti ni nyembamba na jirani anaamka saa kumi kuwahi kazi. Hiyo prosesa unataka kubuy ndio ampu yako. Ichague hivo.

Sasa skiza venye hii kitu inaenda. Spika ya gita, ile ya inchi 12, inaanza kukata sauti za juu sana ikifika kama 5,000 Hz. Hiyo kukata ndio inafanya distoshoni iskike nene na tamu. Spika za PA hazikati, zinaleta kila kitu. So ukipitisha distoshoni kwa miksa bila kitu ya kuigiza kabineti ya spika, inatoka kama nyuki amefungiwa kwa mkebe, na kanisa yote inageuka kukucheki. Ndio maana kitu ya kwanza ya kuuliza dukani ni kama prosesa iko na modeli za ampu na kabineti. Zoom G1 Four iko nazo, Boss GT-1 iko nazo, Line 6 HX Stomp iko nazo za kumwaga. Hizi zingine kutoka China, ka Valeton GP-100 na Mooer GE150, zinakubali hadi uweke IR zako, yaani rekodi fupi ya venye kabineti fulani na maiki yake zinajibu sauti. Kwa msee wa kuchomeka kwa miksa, hiyo ni mali safi.

Kuna sababu ingine ya kutochomeka gita uchi kwa miksa. Pikapu za kawaida hazina betri, na zinataka mlango wenye hauzivuti nguvu, kitu ka ohm milioni moja. Laini ya miksa iko chini sana ya hapo, so trebo inapotea na gita inaskika imechoka. Prosesa poa inasolve hiyo hata kabla uwashe efekti yoyote.

Na enyewe, hebu tubonge kuhusu ngoma zetu. Skiza Shirati Jazz ya D.O. Misiani. Gita ya benga ni kavu, inang'aa, noti zinakimbizana na kila moja inaskika peke yake. Skiza Les Wanyika, bendi yenye ilianza hapa Nairobi 1978, venye gita ya John Ngereza inaongea polepole juu ya ridhim. Hapo hakuna mahali pa kuficha vidole. Ukiwa unachapa hizi ngoma, ama unashika solo kwa bendi ya rhumba, mahitaji yako ni kompresa laini ya kushikanisha noti, korasi kidogo, riverbu fupi, na EQ. Nne tu. Prosesa yenye hizo nne ziko fiti inashinda yenye imejaza mia na klini yake ni ya plastiki. Mimi klini ndio napimia kila kaboksi. Distoshoni huficha dhambi, klini inaanika kila kitu.

Wasee wa worship nyi mko na hitaji yenu: dilei yenye unaweza gonga tempo kwa mguu. Ngoma ikienda 120, biti moja ni milisekunde 500, na ile dilei ya kurukaruka yenye kila mtu anapenda inakaa 375. Msee wa drum akiongeza spidi na dilei yako ibaki palepale, mnagongana hadi mwisho wa chorasi. Uliza kuhusu hiyo tempo kabla uulize kitu ingine.

Mabeshte wa besi, msikubali kuuziwa prosesa ya gita ati "itafanya tu". Uzi wa chini kabisa wa besi ya nyuzi nne uko karibu 41 Hz, wa nyuzi tano ni 31 Hz. Ovadraivu nyingi za gita zimeundwa kukata hizo sauti za chini ndio gita isivuruge bendi. Ukizitumia kwa besi, unabonyeza swichi alafu tumbo ya ngoma inahepa, wadensi wanaskia kabla hata wewe ujue. Ya besi inafaa ikuwe na njia ya kuchanganya klini na chafu, ndio chini ibaki imesimama. Zoom waliwatengenezea MS-60B kitambo, 2013, na 2024 wakaleta MS-60B+. Ni ndogo, inaingia mfuko wa begi ya gita, na iko na kompresa, EQ na tyuna ndani. Shida yake ya ukweli: MS-60B haina mlango ya hedifoni. Kama mazoezi yako ni ya usiku kejani, Zoom B1 Four itakufaa zaidi, juu output yake inakubali hedifoni na iko na biti za drum na lupa ya sekunde 30. Kuchapa besi na biti usiku mzima bila kusumbua mtu, hiyo ndio inakuza msee.

Alafu kuna stima. Sho ya harusi iko kwa jenereta, mara inakohoa, mara mtu wa dishi amechomoa ekstensheni yako achomeke jiko ya chai. Prosesa ya kutumia mawe itakuokoa. G1 Four, B1 Four na GT-1 zinabeba mawe nne za AA, MS-60B inabeba mbili. Chukua alkalini ama za kuchaji. Zile za bei ya chini za duka ya mtaa zinaisha haraka sana na hii kazi. HX Stomp haitumii mawe kabisa, inataka adapta yake ya volti 9 yenye inatoa milliamp 3,000, na adapta nyingi za mtaa hazifiki hapo.

Tukiwa kwa adapta, hapa usikimbie. Geuza adapta ucheki ile michoro ndogo ya duara mbili. Prosesa za Zoom na Boss zinataka alama ya kutoa iwe katikati. Adapta nyingi za router za kejani ziko na ya kujumlisha katikati, hata kama imeandikwa volti 9 na jeki inaingia vizuri. Ukichomeka hiyo, unaweza choma mashine yenye umesaka mwaka mzima. Bei ya adapta halisi ni ndogo kuliko hiyo uchungu.

Mguu nayo? Kaboksi ya swichi moja ni tamu kwa studio, lakini kwa sho, kutoka klini hadi solo katikati ya ngoma, inataka mpango. G1 Four iko na swichi mbili za kwenda mbele na nyuma, so panga pachi zako kwa ile order ya ngoma, sauti ya solo ikae next na ya ridhim. GT-1 iko na swichi tatu na pedali ya kukanyaga. Ukiwa dukani, piga chodi uiache ilie, alafu badilisha pachi. Zingine zinanyamaza kidogo kabla sauti mpya iingie, na hiyo pengo itaskika kanisani.

Ukinunua ya mkono wa pili, kutana na muuzaji mahali kuna stima na spika. Tingisha jeki zote, zungusha kila kinobu, chomeka USB kwa laptop ucheki kama inatambulika. Doh itumwe baada ya hapo.

Maoni yangu ni haya. Msee wa gita anayeanza, chukua G1 Four. Wa besi, B1 Four kama uko kejani sana, MS-60B+ kama uko kwa sho sana. HX Stomp ingoje hadi sho zianze kukulipa, juu hapo utaitumia miaka mingi. Na popote utaenda kununua, beba gita yako mwenyewe, itisha miksa ama spika ya PA badala ya ile ampu noma ya dukani, anza na klini, na usitoe hata soo kabla uipende.