Jina Lenye Onyo: Kupiga Kambi Kilimambogo na Msamiati Wake

Utangulizi

Kaskazini-magharibi ya mji wa Tala, katika eneo la Matungulu, Kaunti ya Machakos, umesimama mlima ulio peke yake. Hauna safu ya kuuegemea wala kilele cha theluji, bali umeinuka kutoka tambarareni hadi takribani mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, ukiwa umefunikwa na msitu mzito. Huo ndio Kilimambogo, ambao katika ramani na nyaraka za serikali huandikwa Ol Donyo Sabuk, na ambao tangu 1967 ni mbuga ya kitaifa. Wageni wengi huupanda asubuhi na kushuka jioni. Wachache huja na mahema yao wakalala, na hao ndio watakaotushughulisha hapa.

Makala haya yananuia kueleza mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kulala salama katika kambi ndogo ya mlimani isiyo na anasa, na namna maneno ya lugha zetu yalivyoyahifadhi maarifa hayo. Hoja yetu ni kwamba jina bora ni lile linalomwonya mtu kabla hajadhurika. Aidha, tutaonyesha kwamba ipo hatari moja ya kambini ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina la namna hiyo.

Mlima Mmoja, Majina Manne

Wamaasai, waliokuwa wakiuona kutoka nyikani, waliuita Ol Doinyo Sapuk, yaani mlima mkubwa. Anayedhani kwamba huko ni kutia chumvi na aihesabu barabara ya kutoka langoni hadi kileleni: ni takribani kilomita 9 za kupanda.

Wakamba huuita Kyanzavi. Jomo Kenyatta naye, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, aliutaja kwa jina la Kikuyu, Kea-Njahe, akaueleza kuwa mlima wa mvua kubwa. Msomaji asidhani kwamba haya ni majina mawili yasiyohusiana. Nzavi ya Kikamba ndiyo njahi ya Kikuyu, ile kunde nyeusi yenye mstari mweupe inayojulikana sana katika meza za Kenya ya kati. Msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, Wakikuyu huuita mvua ya njahi. Kwa hiyo jina hilo ni kalenda: humwambia msafiri ni miezi gani hema lake litalowa na njia itateleza.

Jina la nne, Kilimambogo, halihitaji mkalimani. Mwanafunzi wa Kiswahili huenda akashangaa mlima mzima kuitwa kilima, lakini katika lugha jirani neno lenye kiambishi hicho, yaani kĩrĩma kwa Kikuyu na kĩĩma kwa Kikamba, halina dhana ya udogo. La muhimu ni sehemu ya pili. Mbogo, au nyati, wamo msituni humo hadi leo, na ndiyo sababu mgeni anayepanda kwa miguu huongozana na askari wa wanyamapori mwenye silaha.

Njiani kuelekea kileleni lipo kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki 1925. Wanafunzi wa Nairobi hulijua jina lake kutokana na maktaba iliyofunguliwa jijini humo 1931 kwa kumbukumbu yake. Mlima ulimpokea maiti, ila haukulichukua jina lake. Majina uliyobaki nayo ni yale yanayomfaa mtu anayekwenda huko: ukubwa, mvua na mbogo.

Baridi na Upepo

Jambo la kwanza linalomkabili mpiga kambi wa mlimani ni baridi. Kwa wastani, kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 za selsiasi. Basi Mombasa ikiwa na nyuzi 28, kilele cha Kilimambogo hutarajiwa kuwa na nyuzi 14 hivi, na usiku hupungua zaidi. Katika kambi ya Shipton iliyo mlimani Kenya, kwenye kimo cha takribani mita 4,200, hesabu hiyo hiyo hutufikisha karibu na sifuri. Huko sakitu hutanda juu ya mahema alfajiri.

Historia ya lugha yetu inacho kisa kinachohusu jambo hili. Tarehe 11 Mei 1848, mmishenari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyesafiri kutoka Rabai, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wa msafara kitu kile ni nini, mtu huyo wa pwani hakukitaja kwa jina la theluji. Alikiita baridi tu. Wapo wanaokisoma kisa hiki kama ushahidi wa upungufu wa msamiati. Sisi tunakisoma vingine. Kiongozi yule hakuwa na haja ya kujua weupe ule umeumbwaje. Alichohitaji kukijua, na kuwajulisha waliomfuata, ni utakavyowatenda.

Neno baridi lenyewe ni la asili ya Kiarabu. Tukilichunguza neno la Kibantu tunagundua jambo la kufaa kambini. Kwa Kikuyu baridi ni heho, na kwa Kikamba ni mbevo. Sauti h ya Kikuyu hulingana na v ya Kikamba, kama tulivyoona katika njahi na nzavi, na zote mbili hulingana na p ya Kiswahili. Ndugu yao katika Kiswahili basi ni pepo, tunalolipata katika upepo. Katika shina moja la kale, baridi na upepo vilikuwa kitu kimoja. Mpiga kambi huuthibitisha ukweli huo usiku wa kwanza: hewa tulivu ya nyuzi 10 huvumilika, ilhali hewa hiyo hiyo ikivuma hunyang'anya mwili joto lake upesi. Anayejikinga na upepo amekwisha kujikinga na nusu ya baridi.

Kulichagua Ago

Kiswahili kinalo neno kambi, lililotokana na Kiingereza. Kabla yake kilikuwa na ago, mahali wanapotua wasafiri au wawindaji kwa muda, na kuna dago, kambi ya wavuvi waliohama kufuata samaki. Maneno haya yanastahili kufufuliwa, kwa maana hayataji mahema bali mahali, na kupachagua mahali ndiko mwanzo wa usalama.

Ndani ya mbuga hakuna ruhusa ya kupiga hema popote. Kilimambogo uwanja wa kambi umetengwa karibu na lango, nao ni wa kawaida kabisa: mgeni huja na hema lake, chakula chake na taa yake. Wengi hulala hapo chini ili waanze kupanda alfajiri, kwa kuwa kukiwa kweupe mtu aliye kileleni huweza kuiona milima ya Kenya na Kilimanjaro kabla mawingu hayajaifunika.

Hata katika uwanja uliotengwa, pana uchaguzi wa kufanywa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, hivyo usiku huteremka na kujikusanya mabondeni. Mahali pa chini kabisa ndipo penye baridi zaidi. Mgongo wa kilima nao hupigwa na upepo. Panapofaa ni katikati: mahali palipoinuka kidogo, penye kichaka cha kukinga upepo, pasipo na mti mkavu juu wala njia ya wanyama kando. Mlango wa hema uelekezwe upande usiotoka upepo. Vigingi vipigwe kwa mshazari, vichwa vikilaliana na upande wa nje, ili kamba zikivutwa zizidi kukaza.

Ndani ya hema, adui mkubwa yuko chini. Ardhi hufyonza joto la mlalaji usiku kucha, na mablanketi matatu ya juu hayafui dafu iwapo chini pana turubai peke yake. Mkeka au godoro jembamba ni bora kuliko blanketi la nne. Nguo za kupandia, ambazo zimelowa jasho, zivuliwe kabla ya kulala hata kama hazionekani kulowa. Chakula chote kifungwe na kuwekwa mbali na nyani na tumbili.

Mafiga Matatu

Figa moja haliinjiki chungu. Methali hii hufundishwa darasani kwa maana ya ushirikiano, ila mlimani huwa na maana yake ya asili. Na hapa pia lugha jirani hutuonyesha undugu wake: figa la Kiswahili, ihiga la Kikuyu na ivia la Kikamba. Mawili ya mwisho humaanisha jiwe lolote. Kiswahili kimelibakiza neno kwa jiwe la jikoni.

Chungu kikishainjikwa, msafiri hukutana na jambo la pili la mwinuko. Kadiri mtu apandavyo, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka kabla hayajafikia nyuzi 100. Katika kimo cha kilele cha Kilimambogo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwenye mita 4,200, takribani nyuzi 86. Maji hutokota kwa vishindo, lakini hayana moto wa kutosha. Muthokoi na isyo, vyakula vinavyopendwa Ukambani, huchukua muda mrefu hata Tala kwenyewe. Juu zaidi huweza kumaliza kuni zote na punje zikabaki ngumu. Kwa vile kuni hazikatwi mbugani, busara ni kupika mahindi nyumbani na kuyapasha moto kambini, au kubeba unga wa uji na ndengu zilizolowekwa.

Jiko Ndani ya Hema

Sasa tunalifikia jambo lililotusukuma kuandika. Usiku unapozidi baridi, wazo la kwanza la wengi ni kuliingiza hemani jiko la makaa lililopikiwa. Moshi umekwisha, makaa yamekuwa mekundu, na joto ni tamu. Nchini Kenya, hususan wakati wa kipupwe, mara kwa mara husikika habari za watu waliolala hivyo wasiamke.

Makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo hushikana na chembe za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuibeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hulemewa na usingizi. Katika milima mirefu dalili hizo hufanana mno na ugonjwa wa mwinuko, hivyo wenzake huweza kudhani kwamba apumzishwe humo humo hemani, na kumbe ndimo anamofia. Anayepatikana katika hali hiyo atolewe nje mara moja penye hewa safi, kisha apelekwe hospitalini.

Je, gesi hii inaitwaje? Vitabu vya sayansi huiita kabonimonoksaidi. Hewa ukaa haifai, kwa kuwa jina hilo hutumiwa kwa kabonidayoksaidi, gesi nyingine. Tujiulize basi: mwanafunzi au mzazi anayesikia neno kabonimonoksaidi atakuwa ameonywa juu ya nini? Neno hilo ni sahihi, lakini halitaji jiko, makaa wala kifo.

Tunapendekeza iitwe sumu ya jiko. Tunajua pingamizi litakalotolewa na wenzetu wa isimu: istilahi inapaswa kuwa bayana, na gesi hii hutoka pia katika injini za magari. Pingamizi hilo lina uzito, nasi hatukusudii kuliondoa neno la kikemia katika maabara. Tunachosema ni kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na majina mawili kwa kazi mbili. Wanazuoni wanalo jina la Kilatini la mbogo. Walioupa mlima jina hawakulihitaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kyanzavi huonya juu ya mvua, Kilimambogo juu ya nyati, na pepo juu ya baridi ivumayo. Wahenga walituonya pia tusilichafue ago, kwa maana huenda tukarejea, na onyo hilo leo lina nguvu ya sheria: tangu 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yanayohifadhiwa nchini Kenya.

Wanachama wanaopanga ziara tunawaomba jambo moja. Kabla ya safari, yaandikeni masharti ya kambi kwa Kiswahili kinachoeleweka na mpishi, dereva na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha myasome kwa sauti jua linapotua. Mtu akisikia baridi, apewe uji, soksi kavu na chupa ya maji moto iliyofungwa vyema. Ama jiko, na libaki nje.