Bunduki ya kwanza ya mwindaji: kwa nini kitako hutangulia mtutu

Katika Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, mwindaji anayefuata nyayo za nyati kwa kawaida hupata nafasi ya risasi moja iliyotulia. Ikihitajika ya pili, mnyama huwa amekwisha kujeruhiwa, amekasirika, na huenda yuko hatua chache tu mbele yake. Bunduki ya uwindaji huundwa na kurekebishwa kwa ajili ya sekunde hizo, na ndiyo maana wazoefu hawaanzi na swali la ukubwa wa risasi ambalo mgeni wa kazi hii hulitanguliza.

Bunduki inayozungumzwa hapa ni ile ya komeo. Baada ya kila risasi, mpigaji huinua mpini, huvuta komeo nyuma ili ganda tupu litoke, kisha hulisukuma mbele ili risasi nyingine iingie chemba. Hakuna kinachojiendesha chenyewe. Umbo linaloigwa hadi leo ni la Mjerumani Paul Mauser, ambalo jeshi la nchi yake lilianza kulitumia mwaka 1898. Komeo lake lina kucha ndefu inayoikamata risasi mara inapotoka kwenye ghala lake, na kuishika hadi ganda litakapotupwa nje. Miundo mingine, iliyo rahisi kuitengeneza, huisukuma risasi mbele bila kuishika, na mpigaji mwenye pupa anaweza kuzikwamisha mbili kwa pamoja. Kampuni ya Winchester ya Marekani iliiondoa kucha hiyo katika bunduki yake ya Model 70 mwaka 1964; wateja walinung'unika kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1990 ikarejeshwa.

Huko Marekani, kijana anayetaka bunduki yake ya kwanza anaweza kuijenga kidogo kidogo, kadiri mfuko unavyoruhusu. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1968 inaihesabu sehemu inayobeba komeo kuwa ndiyo silaha yenyewe. Sehemu hiyo ndiyo yenye namba ya usajili, na anayeinunua dukani hupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Mtutu, kitako na darubini vinaweza kuagizwa hata kwa posta.

Kati ya vyote hivyo, mafundi wa bunduki huwahimiza wanaoanza wakitazame kitako kwanza. Kikiwa kirefu kupita kiasi, hunasa kwenye koti wakati bunduki inapoinuliwa kwa haraka. Kikiwa kifupi, kidole gumba huipiga pua, na darubini huweza kuupasua unyushi, alama ambayo wawindaji wengi wanayo ingawa si wote wanaopenda kueleza waliipataje. Kitako kilichopimwa sawasawa hulileta jicho kwenye mstari wa shabaha bila shingo kutafuta. Mbao nayo ina tabia yake: hunyonya unyevu wa masika, huvimba, huubana mtutu, na risasi iliyokuwa ikigonga katikati ya karatasi huanza kwenda pembeni. Kwa sababu hiyo fundi huchonga mbao hiyo ili isiuguse mtutu, au mwindaji huchagua kitako cha nyuzi na gundi ngumu, ambacho hakina uzuri wa mjozi lakini hakijali mvua.

Kifyatuo kinahitaji tahadhari zaidi. Wengi hutamani kilegezwe hadi kiguswe tu, jambo linalofaa kwa mlenga shabaha aliyelala kifudifudi uwanjani. Kwa mtu anayepanda korongo akihema, huku kidole kikitetemeka, kifyatuo cha namna hiyo ni hatari kwa mwenzake aliye mbele.

Kuhusu ukubwa wa risasi, Uganda ina kisa ambacho wawindaji hawachoki kubishania. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskochi W. D. M. Bell aliwinda Karamoja kwa bunduki nyepesi ya Mauser yenye risasi ya milimita 7, ambayo leo huhesabiwa kuwa ya swala. Katika maisha yake aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hiyo ndogo. Alikuwa amepasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Idadi hiyo leo inatisha kuliko kusifika, na njia yake haiigiki: nchini Tanzania, kwa wanyama hatari kama nyati na tembo, kiwango cha chini ni kipenyo cha .375, yaani takriban milimita 9.5. Risasi maarufu ya kipenyo hicho ilitolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912.

Msikilizaji wa ukanda huu asidhani kwamba uhuru wa Marekani unavuka bahari. Nchini Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni na vibali, lakini Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inafanya kuunda silaha bila leseni kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo inawagusa wanakijiji kuliko watalii, kwa kuwa mafundi wa vijijini wameunda magobore tangu enzi za babu zao, kwa mabomba ya chuma na baruti. Mengi huishia mikononi mwa majangili, na mengine hupasuka usoni mwa mwenyewe. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka serikali ziziwekee silaha alama, ili inayokamatwa mpakani ijulikane ilikotoka. Gobore halina alama yoyote.

Mgeni anayewasili Tanzania na bunduki yake hupaswa kuwa na kibali chenye namba iliyochongwa juu ya chuma chake. Akifika kambini, hupelekwa kwanza mbele ya karatasi iliyobandikwa mtini, kwa sababu safari ya ndege na ya barabara ya vumbi huweza kuisogeza darubini. Mwindaji mwenyeji husimama nyuma yake akitazama risasi zinapogonga, na pia kama mkono unalirudisha komeo bila kusita.